Koili Isiyo na Mwili: Kuunda Modeli ya Antena Fupi ya Wima

Robo ya wimbi katika bendi ya mita 40 ni mita kumi na ushee. Juu ya paa la ghorofa Kariakoo, au uani kwa mwenye nyumba asiyetaka kuona nguzo, mita kumi hazipatikani. Kinachowezekana ni mita tatu: mabomba mawili ya alumini, koili ya kurefushia katikati, na nyaya kadhaa chini. Antena ya namna hiyo inasikika, ila kati ya iliyojengwa vizuri na iliyojengwa ovyo kuna tofauti kubwa, na sehemu kubwa ya tofauti hiyo unaweza kuiona kwenye kompyuta kabla hujanunua hata skrubu.

Tatizo liko kwenye koili. Ndani ya programu nyingi koili ni nukta: ina induktansi, lakini haina urefu, haina kipenyo, haipati joto. Utakayoizungusha wewe juu ya bomba la PVC itakuwa na vyote hivyo. Ukiijua tofauti hiyo utajua namba zipi za programu uziamini na zipi uzitafute kwa kupima. Nachukulia kwamba leseni ya redio ya ridhaa unayo, au uko njiani kuiomba: TCRA kwa Tanzania, Mamlaka ya Mawasiliano kwa Kenya. Kompyuta haikuulizi leseni, lakini siku ya kubonyeza maiki utaulizwa.

Kalamu kwanza

Usifungue programu kabla ya kujua jibu linapaswa kuwa la kiasi gani. Mfano wetu ni antena ya mita 3, bomba la kipenyo cha milimita 12, kwenye megahazi 7.1. Gawa 300 kwa 7.1: wimbi lina mita 42.25. Kwa hiyo mita zetu 3 ni 0.071 ya wimbi, au nyuzi 25.6 ukihesabu wimbi zima kuwa nyuzi 360.

Anza na ukinzani wa mnururisho, yaani ile sehemu ya ukinzani inayosimama badala ya nguvu iliyoondoka kweli kwenda hewani. Kwa antena fupi yenye koili kwenye kitako, zidisha 395 kwa mraba wa 0.071. Unapata karibu omu 2. Namba hiyo iweke kichwani, kwa sababu kila kitu kingine kitashindana nayo: waya wa koili, udongo, hata kiungo kilichoota kutu.

Sasa riaktansi. Chukua urefu mara nne, gawa kwa kipenyo. Kwetu ni 12 kwa 0.012, yaani 1,000. Logi asilia ya 1,000 ni 6.9. Toa 1, zidisha kwa 60, unapata karibu omu 354, ambayo ni impidansi bainifu ya bomba. Igawe kwa tanjenti ya nyuzi 25.6: omu 740 za upande wa kapasita. Ili kuzifuta kwenye megahazi 7.1 unahitaji koili ya maikrohenri 16.6 hivi.

Hiyo ni koili ya kitakoni. Ukiipandisha hadi katikati ya bomba hesabu inabadilika. Kipande cha juu kimebaki mita moja na nusu tu, kapasitansi yake imepungua, na koili inayohitajika inakua hadi karibu maikrohenri 30. Kwa nini mtu ajitwishe koili karibu mara mbili? Kwa sababu ya mkondo. Koili ikiwa kitakoni, mkondo unaanza kupungua papo hapo na kufika sifuri kwenye ncha, hivyo wastani wake ni nusu. Koili ikiwa katikati, mkondo unapanda karibu bila kupungua hadi kwenye koili, na juu ya koili ndipo unapoporomoka. Wastani unafika 0.74 hivi. Ukinzani wa mnururisho hufuata mraba wa wastani huo, kwa hiyo kutoka omu 2 tunafika omu 4.3.

Ukizidi kuipandisha, koili inayohitajika inakua kwa kasi, mpaka kwenye ncha kabisa hakuna koili itakayotosha bila kofia ya nyaya juu yake. Ndiyo sababu wengi huishia katikati au juu kidogo ya hapo.

Programu

Injini iliyo nyuma ya programu nyingi za kazi hii ni NEC-2, iliyoandikwa na Burke na Poggio katika maabara ya Lawrence Livermore, Marekani, na kutolewa mwaka 1981. Iko wazi kwa umma. Kwa Windows kuna 4nec2, ya bure, na EZNEC ya Roy Lewallen, ambayo tangu mwanzo wa 2022 nayo hailipiwi. Kwa Linux kuna xnec2c. MMANA-GAL ni nyepesi na rahisi kwa anayeanza, lakini inatumia injini ya ukoo wa MININEC, na ukoo huo una tabia moja ya kuikumbuka: unapohesabu impidansi kwenye kitako, unaichukulia ardhi kuwa kamilifu, hata kama umeiandikia udongo mkavu. Omu utakazosoma hazitakuwa na hasara ya ardhi ndani yake. Anayeijua tabia hiyo haimsumbui. Asiyeijua hujenga antena ya omu 9 akashangaa inapimika omu 19.

Mimi napenda kuandika faili la NEC kwa mkono hata kama programu ina madirisha mazuri, kwa sababu kwenye faili hakuna kinachojificha. Kila mstari unaitwa kadi, urithi wa enzi za kadi za kutobolewa. Antena yetu nzima ni hii:

CM Wima ya mita 3, koili katikati
CE
GW 1 31 0 0 0 0 0 3 0.006
GE 1
GN 1
LD 5 1 0 0 2.5E7
LD 0 1 1 1 10 0 0
LD 0 1 16 16 4.5 3.0E-5 0
EX 0 1 1 0 1 0
FR 0 1 0 0 7.1 0
RP 0 90 1 1000 0 0 1 0
EN

Kadi ya GW inachora waya namba 1 wenye vipande 31, kutoka ardhini hadi mita 3, nusu kipenyo milimita 6. Vipande ni 31, si 30, ili kuwe na kipande kimoja, cha 16, kilichokaa katikati kabisa. Kwa idadi shufwa katikati pangekuwa mpaka wa vipande viwili, na NEC huweka koili ndani ya kipande, haiweki mpakani. Urefu wa kila kipande ni sentimita 9.7, mara 16 ya nusu kipenyo. Kanuni ya NEC-2 ni kwamba isiwe chini ya mara 8, la sivyo usahihi unapungua, isipokuwa ukiongeza kadi ya EK ambayo inaruhusu kushuka hadi mara 2. Watu wengi hudhani vipande vingi zaidi ni bora zaidi. Kwa bomba nene, vipande vingi mno ndivyo vinavyoharibu.

GN 1 ni ardhi kamilifu. Hasara ya ardhi nimeiweka mwenyewe kwa kadi ya LD 0 ya kwanza, kwenye kipande cha 1: omu 10. LD 5 ni alumini ya bomba. LD ya kipande cha 16 ndiyo koili: maikrohenri 30 pamoja na omu 4.5 za ukinzani wake. Omu hizo zimetoka kwenye Q, yaani riaktansi ya koili ikigawanywa kwa ukinzani wake. Maikrohenri 30 kwenye megahazi 7.1 ni riaktansi ya omu 1,340 hivi. Ukigawa kwa Q ya 300 unapata 4.5. Ukiacha sifuri pale, programu itakupa antena ya ndotoni.

Mitego ya kadi ya LD

Mtego wa kwanza ndio unaowanasa wengi. Ukiandika kwamba koili inaanzia kipande cha 15 na kuishia cha 17, NEC haigawanyi maikrohenri 30 kwa vitatu. Inaweka maikrohenri 30 kwenye kila kimoja. Utakuwa na maikrohenri 90, na masafa ya mwangwi (rezonansi) yataporomoka mbali chini ya bendi. Ukitaka kuieneza koili, gawa mwenyewe.

Wa pili: kuna LD 0 na kuna LD 4. LD 0 inachukua induktansi, kwa hiyo riaktansi yake inabadilika na masafa kama koili ya kweli. LD 4 inachukua omu zilizogandishwa. Ukiitumia LD 4 kisha ukafagia masafa kutoka 7.0 hadi 7.2 ili uone upana wa bendi, koili yako haibadiliki hata kidogo na upana unaouona ni wa uongo, tena uongo wa kufurahisha kwa sababu unatoka mpana.

Wa tatu si mtego hasa. Ukiweka mizigo miwili kwenye kipande kimoja, kwa mfano koili ya kitakoni pamoja na omu za ardhi, NEC itakuandikia onyo kwamba kipande kimepakiwa mara mbili na impidansi zimejumlishwa. Ndicho ulichotaka. Endelea.

Kabla ya kuamini chochote, ondoa ukinzani wote kwa muda, yaani LD 5, omu za ardhi na omu za koili, kisha angalia wastani wa geini pande zote. Antena isiyo na hasara lazima irushe nguvu yote iliyopewa, kwa hiyo wastani uwe 1. Kwenye matokeo ghafi ya NEC-2 juu ya ardhi kamilifu utaandikwa 2, kwa sababu nguvu yote imebanwa kwenye nusu ya juu ya anga. Ukiona 0.9 au 1.1 badala ya 1, modeli ina ugonjwa. Mara nyingi ni vipande vifupi kupita kiasi, au waya mnene ulioungana ghafla na mwembamba. NEC-2 haivumilii maungio ya namna hiyo, na anayechora koili kama silinda nene katikati ya bomba jembamba ndiye anayeyaleta.

Kuipa koili mwili

Sasa tutoke kwenye nukta. Tuseme unazungusha koili juu ya bomba la PVC la kipenyo cha sentimita 5, kwa waya wa nyumba wa milimita za mraba 1.5 ulioumenya plastiki. Waya huo una kipenyo cha milimita 1.38. Acha nafasi ya upana wa waya mmoja kati ya mzunguko na mzunguko, na koili iwe na urefu wa sentimita 12.

Idadi ya mizunguko inatoka kwenye kanuni ya Wheeler ya 1928. Kwa sentimita iko hivi: zidisha mraba wa kipenyo kwa mraba wa mizunguko, kisha gawa kwa jumla ya kipenyo mara 46 na urefu mara 102. Jibu ni maikrohenri. Kwa maikrohenri 30 unapata mizunguko 42.

Zungusha hiyo 42, pandisha antena, na mwangwi utaukuta chini ya mahali ulipoutaka. Wheeler hakukosea. Koili yenyewe ina kapasitansi yake, kutoka mzunguko hadi mzunguko na kutoka koili nzima hadi mazingira. Kwa koili ya umbo hili, vipimo alivyochapisha Medhurst mwaka 1947 vinatoa karibu pikofaradi 2.7. Inaonekana ndogo, lakini kwenye megahazi 7.1, ikiwa sambamba na koili, inaifanya koili ya maikrohenri 26 ionekane kama ya 30. Na maikrohenri 26 ni mizunguko 39.

Kuna njia tatu za kuiingiza hali hii kwenye modeli, kwa ngazi ya jasho.

Ya kwanza ni LD 1 badala ya LD 0. Hii ni koili, kapasita na ukinzani vilivyounganishwa sambamba. Andika maikrohenri 26 na pikofaradi 2.7, na ukinzani uwe riaktansi mara Q, maana hapa nao uko sambamba. Angalizo moja: sehemu ya kapasitansi ya Medhurst tayari imo kwenye modeli, kwa sababu hata kipande cha waya kilichobeba koili kina kapasitansi na mazingira. Unaihesabu kidogo mara mbili. Ukweli utakuwa mahali fulani kati ya 39 na 42, kwa hiyo zungusha 42 na upunguze juu ya paa. Kukata waya ni rahisi kuliko kuurefusha.

Ya pili ni kuieneza koili juu ya urefu wake halisi. Gawa waya wa modeli katika sehemu tatu: bomba la chini, sentimita 12 za koili, bomba la juu. Ile sehemu ya kati ipewe vipande vitatu au vinne (pamoja na kadi ya EK, maana hapa urefu wa kipande unashuka chini ya mara 8 ya nusu kipenyo), na kila kimoja kibebe sehemu yake ya induktansi na ya ukinzani. Hapo utaanza kuona jambo ambalo nukta haiwezi kuonyesha: mkondo unaotoka juu ya koili ni mdogo kuliko ulioingia chini. Kwa koili fupi na nene pengo hilo ni dogo. Kwa koili ndefu na nyembamba, kama fimbo ya nyuzi za kioo iliyozungushwa waya kutoka chini hadi juu, pengo ni kubwa na modeli ya nukta haifai tena.

Ya tatu ni kuchora koili yenyewe, mzunguko kwa mzunguko, kwa kadi ya GH au kwa chombo cha kuchora koili kilichomo kwenye EZNEC. Mizunguko 39 ukiichora kila mmoja kwa pande 8 ni vipande 312, kazi ndogo kwa kompyuta ya leo. Lakini pembe nane zilizochorwa ndani ya duara zina eneo la asilimia 90 tu ya duara lenyewe, hivyo induktansi inatoka pungufu. Panua nusu kipenyo cha mchoro kwa asilimia 5 na eneo litalingana. Pia kila upande una urefu wa sentimita 1.9, chini ya elfu moja ya wimbi, kiwango ambacho NEC huanza kupoteza tarakimu. Tumia toleo linalohesabu kwa usahihi maradufu.

Mchoro huu wa tatu unasema kweli kuhusu mkondo na kuhusu masafa. Kuhusu hasara unasema nusu ya kweli. NEC inaamini kwamba mkondo umesambaa sawasawa kuzunguka waya. Kwenye koili ya kweli mzunguko mmoja unamsukuma jirani yake, mkondo unabanwa upande mmoja wa waya, na ukinzani unapanda. Kwa waya wetu, kwa kuhesabu ngozi ya shaba peke yake, ukinzani unatoka kama omu 1, na Q inapita 1,000. Ukiona Q ya namna hiyo kwenye skrini, usimwambie mtu. Koili za aina hii juu ya PVC hupimwa kati ya 200 na 400 zikiwa zimetengenezwa vizuri, na mimi, nje ya mfano huu wa 300, huanza modeli na 200 ili kama kuna mshangao uwe wa furaha.

Kwa hiyo ukinzani uupime. Chukua kapasita ya hewa ya kuzungusha kutoka kwenye redio ya zamani, iunganishe na koili kwa nyaya fupi, uizungushe mpaka mwangwi ukae kwenye 7.1, itakuwa imefika kama pikofaradi 17. Weka vitanzi viwili vidogo vya waya, kimoja kila upande wa koili na mbali nayo kiasi, uviunganishe na milango miwili ya kipimaji cha NanoVNA. Utaona mlima mwembamba. Soma upana wake desibeli 3 chini ya kilele na ugawe 7,100 kwa kilohazi hizo. Kilohazi 24 ni Q ya 300. Kilohazi 71 ni Q ya 100, na hiyo koili itupe. Vitanzi vikiwa karibu mno mlima unapanuka, kwa hiyo visogeze mbali hadi upana uache kubadilika.

Wati zimekwenda wapi

Mali bila daftari hupotea bila habari, na wati nazo ni mali. Rudi kwenye modeli ya nukta yenye Q 300 na ardhi ya omu 10. Kwenye kitako unasoma karibu omu 18.5: 4.3 za mnururisho, 4.2 za koili (zimepungua kidogo kwa sababu mkondo wa katikati ni mdogo kidogo kuliko wa kitako), na 10 za ardhi. Peleka wati 100. Kama 23 zinaruka. Kama 23 nyingine zinabaki kwenye koili kuwa joto. Zilizobaki, 54, zinapasha moto udongo.

Wati 23 ndani ya bomba la PVC si mchezo. Kwa sauti ya kawaida yenye mapumziko koili itavumilia, lakini ukitumia mtindo wa kidijitali wa FT8 kwa nguvu kamili, ambapo redio inarusha karibu nusu ya muda wote mfululizo, plastiki inalegea na mizunguko inahama, kisha mwangwi nao unahama. Modeli inaweza kukuonya mapema: iweke kwenye wati 100, soma mkondo (rms) kwenye kipande cha 16, upige mraba, zidisha kwa 4.5. Na kwa mkondo huohuo zidisha kwa riaktansi: ampea 2.3 mara 1,340 ni zaidi ya volti 3,000 kati ya ncha mbili za koili. Antena ya mita tatu inafikiwa na mkono wa mtoto. Iweke mahali ambapo haifikiwi.

Ukiwa bado kwenye skrini, jaribu kofia. Ongeza nyaya nne za nusu mita zilizotandazwa kama mbavu za mwavuli juu ya koili, au kwenye ncha, uone induktansi inayohitajika inavyoshuka. Kofia inaongeza kapasitansi ya kipande cha juu, hivyo koili inapungua, na omu zake zinapungua nayo, huku wastani wa mkondo ukipanda. Inaboresha vitu vitatu kwa mara moja na inagharimu waya wa mita mbili. Ila usiiweke ikaigusa koili au kuikaa karibu nayo sana. Acha walau upana wa koili kati yao.

Ardhi

Omu 10 nilizoandika ni makadirio, na hapa ndipo modeli ya NEC-2 ilipo dhaifu kwa kweli: haikubali waya uliofukiwa. Kuna njia mbili. Moja ni hii tuliyotumia, ardhi kamilifu na omu za kubandika. Nyingine ni kuchora nyaya za ardhini zikiwa zimeinuliwa sentimita chache juu ya udongo, kwa GN 2 na tabia za udongo wako. Kwa udongo wa wastani watu huandika 0.005 kwa upitishaji na 13 kwa daielektriki. Njia ya pili inafaa hasa kwa paa la ghorofa, ambako nyaya zako kweli hazigusi udongo.

Kwa wa pwani kuna zawadi. Maji ya bahari yana upitishaji wa 5, mara elfu moja ya udongo wa wastani, na daielektriki 81. Andika namba hizo ulinganishe mchoro wa mnururisho kwenye pembe za chini, nyuzi 5 hadi 10 juu ya upeo. Antena ya wima iliyosimama mahali maji yanapofika ni jambo lingine kabisa. Lakini kumbuka antena ya wima hairushi kuelekea utosini. Mtu wa Dar es Salaam anayetaka kuzungumza na Dodoma mchana, kilomita 400 hivi, anahitaji mawimbi yanayopanda juu na kushuka, na waya wa dipoli uliotandazwa chini kati ya minazi miwili utamshinda mwenye wima kila siku. Wima ni ya mbali.

Modeli na kipimo

Ukishajenga, usianze na SWR, yaani uwiano wa mawimbi yaliyosimama. Anza na R, yaani ukinzani, kwenye mwangwi, iliyosomwa kwenye kitako chenyewe bila kebo ndefu katikati. Modeli ilisema 18.5. Ukipata 20, umejenga vizuri. Ukipata 50, na mita ikakupa SWR ya 1.0 bila hata kulinganisha, hilo si la kushangilia: kwenye omu 50 hizo za mnururisho bado ni 4.3, yaani asilimia 9. SWR nzuri kwenye antena fupi isiyo na kilinganishi ni ushahidi wa hasara. Antena njema ya aina hii itaonyesha SWR ya 2.7 hivi, na ili ifike 50 utaweka koili ndogo ya maikrohenri 0.9 hivi kati ya kitako na ardhi, huku antena yenyewe ukiiacha iwe fupi kidogo upande wa kapasita.

Kisha pima upana. Baada ya kulinganisha, mfano wetu unapaswa kukaa chini ya SWR ya 2 kwa kilohazi 70 tu, wakati bendi yetu ya 7.0 hadi 7.2 ina kilohazi 200. Upana ukitoka kilohazi 140, kuna kama omu 18 zaidi mahali fulani ambazo modeli haikuzijua: skrubu ya chuma kwenye koili, unyevu ndani ya bomba, nyaya za ardhini zilizounganishwa kwa kusokotwa bila risasi. Tafuta hapo kabla ya kurudi kwenye kompyuta. Ukishazipata omu halisi ziandike kwenye kadi za LD, ili modeli ianze kuwa ya antena yako badala ya antena ya karatasi.

Baada ya hapo ndipo unaweza kuiuliza modeli swali la pesa. Ukipandisha Q ya koili kutoka 300 hadi 600, kwa waya mnene na umbo la gharama, ufanisi wa mfano wetu unatoka asilimia 23 hadi 26. Ukiacha koili ilivyo na kushusha ardhi kutoka omu 10 hadi 5, ufanisi unafika 32. Brown, Lewis na Epstein walionyesha mwaka 1937 jinsi nyaya nyingi za ardhini zinavyookoa nguvu, na tangu hapo hakuna koili iliyowapinga. Kama fedha yako inatosha kununua roli moja tu ya waya, zungusha koili ya kawaida, na waya wote uliobaki utandaze chini.